Barua ya wazi kwa mpwa wangu: ofisi ya mshauri wa wanafunzi si kimbilio la waliokosa uhadhiri

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka Tabora. Mama yako amenieleza kwamba umeitwa kwenye usaili wa afisa ushauri wa wanafunzi, nawe unasitasita. Ulitaka kufundisha, ila vyuo vikuu vya umma vinadai GPA (wastani wa alama) ya 3.8 kwenye shahada ya kwanza, na wewe una 3.6. Sasa kazi hii unaiona makombo. Nakuandikia hadharani kwa sababu vijana wengi wa sosholojia, saikolojia na ustawi wa jamii wanafikiri hivyohivyo, na mimi niliyeifanya kazi hii siwezi kunyamaza.

Watu wanadhani tunagawa vyumba vya hosteli na kuamua ugomvi. Hayo tunayafanya, lakini kazi yenyewe hasa ni kuhakikisha hakuna mwanafunzi anayepotea chuoni kimyakimya. Huku kwetu wengi ni watoto wa wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge. Chuo kinafunguliwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ada inatakiwa, na tumbaku ndiyo kwanza inatolewa kitaluni. Soko lake halifunguliwi mpaka mwezi wa nne hivi, na malipo nayo yana kuchelewa kwake. Mzazi si mkaidi. Miezi hiyo hana kitu mkononi. Mwanafunzi asiyejua pa kusemea hukosa usajili, kisha hukosa mtihani. Anayefika ofisini mapema ataandika barua ya kuomba kulipa kwa awamu, nawe utaipeleka kwa mhasibu na kuitetea, maana msimu wa tumbaku unaujua, na yeye huenda haujui.

Huruma peke yake haitoshi, mpwa wangu. Zijue kanuni. Binti akiugua, au akifiwa na anayemsomesha, akapanda treni kurudi kwao Kigoma bila kuaga, chuo kitamhesabu mtoro. Akiacha barua ya kuahirisha masomo, yenye vielelezo, ikakubaliwa, anarudi na kuendelea. Kama ana mkopo, Bodi ya Mikopo nayo ipewe taarifa, la sivyo atarudi na kukuta bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, limesimama. Nimewaona watu wenye moyo mzuri kabisa wakimfariji mwanafunzi wa namna hii, wakamchangia nauli, wakamsindikiza mpaka stesheni, na barua hakuna. Wema huo unamgharimu mwaka mzima, pengine shahada yote.

Bumu utalizoea. Chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, fedha huja kwa awamu, na asiyesaini kwa wakati zake hurudishwa Bodi. Likichelewa, viongozi wa serikali ya wanafunzi watakuja mlangoni kwako huku wenzao wakisubiri nje, na uongozi wa chuo utakutaka utulize hali. Waambie unachokijua: orodha imepelekwa lini, imekwama wapi. Usitaje tarehe ya kubahatisha ili waondoke.

Lililo zito kuliko yote ni hili. Siku moja binti atafunga mlango na kukuambia kuna mwalimu anamtaka kimapenzi ndipo ampe alama. Mwalimu huyo huenda anakuzidi cheo na elimu, na wapo watakaokushauri myamalize ndani kwa ndani. Usikubali. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Andika maelezo yake, tunza siri yake, mfikishe dawati la jinsia na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na usimwache aende peke yake. Ofisi yetu ikiogopa, binti huyo hana tena pa kwenda ndani ya chuo. Ndiyo maana nakasirika mtu akisema hii ni kazi ya waliokosa nyingine.

Nenda kwenye usaili. Kabla ya siku hiyo tafuta kanuni za mitihani na sheria ndogo za wanafunzi za chuo hicho, uzisome zote mpaka mwisho, na usipoelewa mahali nipigie, hata usiku.

Mjomba wako,
Tabora