Operesheni ya Boni isiwasahau wenye msitu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie hii operesheni ya msitu wa Boni huku kwetu Lamu, manake kila mara naisikia ikizungumzwa na wakubwa peke yao, leo huyu anasema magaidi wamemalizwa, kesho yule anasema vikosi vimeongezwa, na wale wanaoishi ndani ya huo msitu hakuna anayewatafuta akawauliza.

Kwanza nieleweke vizuri. Mimi si mpinzani wa jeshi wala polisi. Usiku wa Juni 15, 2014 pale Mpeketoni watu wako kwenye vibanda wanaangalia Kombe la Dunia, Al-Shabaab wakaingia wakaua, zaidi ya watu 60 wakafa usiku huo na ule uliofuata, na sisi wa mji wa Hindi mwezi uliofuata nasi tukazika watu wetu. Kwa hivyo serikali ilipotangaza Septemba 2015 kwamba jeshi letu la KDF na polisi wa kila aina wataingia Boni pamoja kuwatoa hao watu, operesheni ikaitwa Linda Boni, tulishukuru kweli kweli. Tuliambiwa ni siku 90.

Hizo siku 90 zimekuwa miaka. Jina limebadilishwa ikawa Amani Boni, makamanda wamekuja wamehamishwa, na vikosi bado viko msituni. Silaumu kwamba haijaisha, msitu wenyewe si wa mchezo, umeanza Lamu ukaingia Garissa ukavuka mpaka hadi Somalia, ndani kuna vichaka askari hamuoni mwenzake aliye hatua chache mbele, mvua ikinyesha magari hayapiti. Na hilo kundi la Al-Shabaab linalojificha humo, Jaysh Ayman, lina vijana Wakenya ndani yake, wanaojua Kiswahili chetu na njia zetu. Hawapigani uso kwa uso kila siku, wanatega vilipuzi kwenye barabara ya udongo halafu wanangoja gari la askari lipite. Kati ya Hindi na Kiunga tumepoteza vijana wengi wa jeshi na polisi kwa njia hiyo, watoto wa wenyewe kutoka kila pembe ya Kenya, Mungu awarehemu.

Kuna mwaka kama 2017 hatutausahau. Julai pekee walivamia Pandanguo, wakaua watu huko Jima kwa kuwachinja, na kabla mwezi haujaisha wakamteka Katibu wa Wizara Mariam El Maawy pale Milihoi, akaokolewa siku hiyo hiyo lakini na majeraha yaliyomuua Septemba. Januari 2020 wakashambulia mabasi Nyongoro, siku tatu baadaye wakaingia mpaka uwanja wa ndege wa jeshi kule Manda Bay wakaua Wamarekani watatu. Yote hayo operesheni iko.

Sasa ninalotaka kusema ni hili. Kuna watu wanaitwa Waaweer, wengine mnawajua kama Waboni. Hao ndio wenye msitu tangu mababu. Wanaishi Basuba, Milimani, Mangai, Mararani, Kiangwe, Bodhai, Pandanguo, na maisha yao ni asali, matunda ya porini, mizizi, na vishamba vidogo vya mahindi na simsim. Mrina asali wa Kiaweer anapiga mluzi, yule ndege wa asali anamjibu, anamwongoza kutoka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga. Uwindaji walikatazwa zamani, tangu 1977 nchi nzima ilipopigwa marufuku, wakavumilia wakabaki na asali. Operesheni ilipokuja wakaambiwa msituni wasiingie, ni eneo la vita, atakayekutwa huko atahesabiwa adui.

Hebu fikiria mtu anayekwenda kurina asali amebeba nini. Shoka, kamba, kisu, kiberiti, kidumu cha maji na unga kidogo kwenye kitambaa, manake atalala huko siku mbili tatu. Mwanajeshi aliyeletwa juzi kutoka bara akikutana naye kichakani na vitu hivyo atamjuaje? Hawezi kumjua. Na yule mzee akikutana na magaidi nao wanamuona mpelelezi wa serikali. Pande zote mbili zina bunduki na yeye ana shoka.

Mzee mmoja wa huko tunanunua asali yake hapa Hindi, zamani alikuwa akija na vidumu vya lita ishirini vimefungwa kwenye pikipiki mbele na nyuma. Mara ya mwisho alileta kichupa cha maji ya kununua, kimejaa nusu, ameirina karibu na kijiji kabisa. Hakulalamika. Aliuliza tu kama unga wa msaada umefika ofisini. Mtu aliyekuwa akijilisha na kulisha familia yake sasa anasubiri gunia la serikali, na gunia lenyewe linasubiri gari lipate eskoti ya askari, na eskoti inasubiri barabara ikaguliwe vilipuzi. Mvua ikianza hata hilo gari hamna.

Na hii si mara ya kwanza. Wazee wao wanasimulia vita vya Shifta miaka ya sitini, vya wale waliotaka kujitenga na Kenya, wakati huo pia walitolewa ndani msituni wakapangwa kwenye vijiji kandokando ya barabara kwa ajili ya usalama, wakaambiwa ni kwa muda. Vijiji tunavyoviona leo ndivyo hivyo.

Shule ndiyo inauma zaidi. Shule za Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe zilifungwa walimu walipokimbia baada ya mashambulizi ya 2014, zikafunguliwa, zikafungwa tena, walimu wakawa wanapelekwa kwa ndege, kukichafuka wanaondoka. Hapa niwape jeshi haki yao, wanajeshi wamekarabati madarasa, wamechimba maji, madaktari wao wanatibu watu bure, na kuna mama huko yuko hai leo kwa sababu ya hao madaktari. Lakini mtoto aliyekuwa darasa la kwanza 2014 sai ni mtu mzima. Amesoma nini? Na huyo kijana asiye na shule, asiyeruhusiwa kuingia msituni, asiye na kazi, ndiye ambaye Jaysh Ayman wanamtafuta wamwingize kundini. Mtu wa usalama yeyote analijua hili.

Wengine watasema msitu hauwezi kufunguliwa wakati adui yuko ndani. Sawa, sisemi ufunguliwe wote kiholela. Lakini baharini tumeona. Wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku tangu 2011 wageni wa kutoka nje walipotekwa Kiwayu na Manda, wakateseka miaka mpaka 2018 marufuku ikaondolewa, na iliondolewa kwa masharti, mvuvi ajulikane na chombo chake kijulikane. Bahari ni kubwa kuliko Boni na inafika Somalia vilevile. Iliwezekana kwa mvuvi, kwa mrina asali inashindikana nini? Wazee wa kila kijiji wakae na kamanda wa kambi iliyo karibu, wakubaliane njia hizi na siku hizi, watu kadhaa kwa majina yao, waende warudi, wakiona nyayo ngeni waseme. Hao wanaujua msitu kuliko droni yoyote, anaangalia jani lililokanyagwa anakwambia amepita nani na lini. Waingizwe zaidi kwenye polisi wa akiba, walipwe kwa wakati, na mtu anayetoa habari alindwe, kwa sababu sasa hivi anayeonekana akiongea na askari mchana, usiku anaogopa kulala kwake.

Na lami ifike mpaka Kiunga. Tangu barabara ya Garsen kupitia Witu itiwe lami imekuwa vigumu kuzika kitu katikati ya njia, ila barabara ya udongo mtu anachimba kwa jembe dakika chache akafukia. Pesa za kununua magari ya kustahimili vilipuzi ni nyingi, hizo za lami zinaokoa askari na zinapeleka unga pia.

Tena tuambiwe ukweli. Hii operesheni inaendeshwa kwa pesa za umma na wananchi hatujui lengo la mwaka huu ni lipi, vijiji vingapi vimeshakuwa salama, shule gani itafunguliwa muhula gani. Siri za vita wakae nazo, hakuna anayeuliza kambi iko wapi. Tunauliza mambo ya unga, shule, dawa na njia.

Ombi langu kwa kamati ya bunge inayosimamia usalama, mkija Lamu msiishie Mokowe kwenye mkutano na chai halafu mpande ndege. Helikopta za jeshi zinakwenda Mangai na Mararani, pandeni mfike. Kaeni chini na wazee, na kina mama pia kwa sababu wao ndio wanaobaki na watoto risasi zikilia. Na mje na mtu anayejua Kiaweer, wazee wengi hawawezi kusema yaliyo moyoni kwa Kiswahili.

Mkazi wa Hindi,
Lamu