Barua kwa mwanangu: pishi na makonyo

Mwanangu, assalaam aleikum,

Juzi ulivyonipigia usiku nilikuwa nishalala, ndo maana sikukujibu vizuri. Ukasema mama pepa yangu ya utafiti ina mwaka na nusu imetajwa kwenye pepa nyengine mara tatu tu na mbili nimejitaja mwenyewe, halafu ukalia, na mie nikajifanya sijasikia nikakuuliza umekula? Basi leo nimekaa barazani na karafuu zangu jamvini, natype kwa kidole kimoja, usinicheke makosa.

Nimekuangalia kwenye hiyo Google Scholar inayohesabu pepa za watu zimetajwa mara ngapi, mdogo wako kanifungulia. Nimeliona jina lako, nikalitazama mpaka simu ikazima. Baadae nikamuuliza hiyo h ya pembeni nini, akanambia ukiwa na pepa 5 na kila moja imetajwa angalau mara 5 basi wewe ni 5, lakini ukiwa na moja imetajwa mara elfu na nyengine hazijatajwa kabisa, wewe ni 1. Hee! Kumbe pishi hii, kile kipimo chetu cha karafuu.

Si unawajua wachumaji wetu, wanalipwa kwa pishi, yupo anaeleta karafuu tupu na yupo anaeacha makonyo, vile vijiti vya karafuu, humo humo ili ijae haraka, na kwenye pishi wote sawa mpaka uzimwage jamvini. Sasa hao uliosema wanakata utafiti mmoja pepa nne halafu wanatajana wao kwa wao, si makonyo hayo?

Hiyo h kaibuni mwanafizikia mmoja, Hirsch, California, 2005. Na mwaka huo huo ndo watafiti wawili wa RNA, Katalin Karikó na Drew Weissman, walitoa ile pepa yao kwenye jarida la Immunity. Mie nikisomesha skuli nikiwaambia watoto DNA ni kitabu cha mwalimu, hakitoki ofisini, mRNA ndo yale anayoyaandika ubaoni, mukishanakili anafuta. Tabu ni kuwa RNA ya maabara ukiitia mwilini kinga inaiona mgeni inawaka moto, wao mahala pa U, moja ya herufi nne za RNA, wakaweka pseudouridini, ni U hiyo hiyo imegeuzwa kidogo, kinga ikatulia. Jarida kubwa la Nature walishawakatalia. Ilipotoka Weissman akamwambia mwenzake simu sasa zitalia hazitanyamaza, wakangoja, kimya. Na hii ndo pepa iliyokuja kubeba chanjo za korona, leo inatajwa maelfu kwa maelfu.

Mwenyewe Karikó mtoto wa muuza nyama wa Hungaria, 1985 wamekwenda Marekani na pesa zimeshonwa tumboni mwa dubu wa kuchezea wa mtoto wao, 1995 chuo cha Pennsylvania kikamshusha cheo kwa vile hapati fedha za utafiti. 2023 akapewa Nobel yeye na Weissman. (Na 2024 wakapewa Ambros na Ruvkun, kwa pepa za 1993 za RNA ndogo ndogo za mnyoo wa milimita moja, wenzao walidhani ni mambo ya mnyoo tu, mpaka 2000 ilipoonekana RNA ndogo kama hizo hata binadamu anazo.)

Lakini mie alienikaa moyoni ni mama yake Karikó. Kila Oktoba Nobel zikitangazwa anafungulia redio asikilize kama jina la mwanawe limo, mtoto anamcheka, mama mie hata uprofesa sina, na yeye anamjibu lakini unafanya kazi sana. Kafa 2018. Nimeisoma hiyo nikaenda jikoni nikakosha vyombo ambavyo vishakoshwa.

Sikwambii usiangalie kabisa, najua kazi zinatafutwa kwa namba hizo na msimamizi wako anazitaka, ila angalia mara moja kwa mwezi, si kila siku saa nane za usiku, macho yako nayajua mie. Na hiyo mara ya tatu, ulinambia ni mtu usiemjua kabisa, hata nchi yake hujafika, mbona hukunieleza kaitumia kwa kazi gani? Hapo ndo nilitaka kusikia.

Wingu limeshakuwa zito upande wa bahari, naenda kuanua karafuu. Nipigie Ijumaa baada ya sala, uje unimalizie ile ya RNA yako kwenye jeli, ile munayoipitisha itengane kwa ukubwa, uliishia pale ulipoona mstari wa pili ambao haukutakiwa kuwepo, ukakata simu. Ulikuwa nini?

Mamaako