Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni. Karibu Tanga, Mheshimiwa. Wenyewe husema waja leo waondoka leo, ila wewe tunakusihi usiondoke kabla ya kusikia maombi yetu.

Ukimuuliza mtoto wa hapa habari za Vita vya Kwanza vya Dunia, atakusimulia nyuki waliowatimua Waingereza na askari wao wa Kihindi Novemba 1914. Nyuki waliuma kweli, lakini askari wa Wajerumani walioletwa kwa treni kutoka Moshi nao walikuwa na kazi yao. Mwaka huu klabu imewapumzisha nyuki, ikafuatilia uwanja wa ndege wa vita usiozungumzwa sana, uliotengenezwa na Waingereza kisiwani Mafia mwaka 1915.

Mafia ni mbali, ila kisa kinapitia hapa jirani, ghuba ya Manza. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilizamisha meli ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji, makaa yakiwa haba. Meli ya Rubens ikatumwa kutoka Ujerumani kuiletea makaa. Tarehe 14 Aprili 1915 ikashambuliwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth, ikazama Manza kwenye kina kifupi. Bunduki na risasi Wajerumani waliziopoa na kuzikausha. Königsberg haikutoka tena Rufiji.

Kuimaliza mafichoni hakukuwa rahisi. Ndege za kutua majini zililetwa kwanza, zikashindwa na joto la pwani yetu: gundi ikaachia, rafadha za mbao zikaharibika. Ndipo Juni zikaja ndege za magurudumu, Henri Farman na Caudron, nazo zilihitaji ardhi iliyosawazishwa, ndio ule uwanja wa Mafia. Severn na Mersey, manowari za Kiingereza za kupita kwenye kina kifupi, ziliingia mtoni Julai, lakini kwa mikoko ile wapiga mizinga hawakuiona shabaha. Aliyeona ni aliyekuwa juu, ndani ya ndege. Kila kombora lilipoanguka, alituma kwa simu ya upepo: fupi, ndefu, kushoto, kulia.

Tarehe 11 Julai rubani Cull na mwenzake Arnold walipigwa injini. Ndege ikishuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho mpaka wakaangukia mtoni, wakaokolewa na mashua. Siku hiyo Königsberg ikazimwa. Kwa maoni yetu, Arnold anastahili kutajwa darasani sawasawa na nyuki.

Wajerumani nao waliopoa mizinga 10 ya meli hiyo, ikawekewa magurudumu na kukokotwa nchi kavu na mamia ya wapagazi. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Hao wapagazi ni babu zetu, na majina yao hayamo katika vitabu vya kiada.

Mheshimiwa, tunaomba mambo mawili. Kwanza, kinasa sauti, tuwarekodi wazee wa Manza na Moa wanaokumbuka waliyosimuliwa na wazazi wao. Pili, usafiri. Mafia ingetufurahisha, lakini tunajua hali ya mfuko. Basi la kwenda Mombasa kupitia Horohoro litatosha, pamoja na msaada wako wa kuharakisha hati za kusafiria za wanafunzi. Mkuu wa Shule ameshatupa ruhusa, sharti tusikose mitihani ya muhula.

Tunaomba kuwasilisha.