Nyimbo 22 za Krismasi kwa Neema

Mpendwa Neema,

Hujambo, ndugu yangu? Watoto hawajambo? Usingizi umerudi, au bado unaamka saa tisa usiku na kukaa tu?

Uliponiambia kwenye simu kwamba mwaka huu nisijisumbue na nyimbo, nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kusema. Nimelizungusha jambo hilo kichwani siku nne, halafu nikaitengeneza orodha hivyo hivyo. Usiniwie vibaya. Miaka 26 tumepeana nyimbo za Krismasi, tangu enzi za kaseti, zikaja sidii, na sasa linki kwenye simu. Sikuweza kukubali kwamba mwaka wa kwanza wa kukosa uwe huu ambao mama hayupo. Isikilize ukipenda. Ukitaka kuiacha mpaka Machi, iache, nyimbo haziozi.

Zipo 22, saa moja na dakika chache. Nakuomba jambo moja: usiguse ile alama ya kuchanganya. Unajua ninavyohangaika na mpangilio. Usiku wa tatu mfululizo nimekaa na hedifoni masikioni nikisikiliza sekunde kumi za mwisho za wimbo mmoja na sekunde kumi za mwanzo za unaofuata. Zile za zamani sauti yake iko chini na ina mkwaruzo, hizi za siku hizi zinaingia kwa kishindo, na ukiziweka bega kwa bega msikilizaji anashtuka na kukimbilia kupunguza sauti. Ndiyo maana kati ya Bing Crosby na Mariah Carey utakuta nyimbo sita za kukuvusha polepole. Najua programu ingezipanga zote 22 kufumba na kufumbua, na pengine isingekosea sana. Lakini haijui kwamba kengele zikizidi kichwa kinakuuma, wala haijui mwaka huu umekuwa wa namna gani kwako.

Nimefungua na Nat King Cole, *The Christmas Song*. Ukija kuutafuta mwenyewe uwe mwangalifu, maana aliurekodi mara nne: mara mbili mwaka 1946, tena 1953, tena 1961. Wa 1961 ndio unaosikika kila mahali, na ni mzuri, fidla zimejaa tele. Mimi nimekuwekea ule wa pili wa 1946, wenye fidla chache, sauti yake ikiwa bado changa, kama mtu anayeimba akiwa amekaa kando yako na hataki kumwamsha aliyelala chumba cha pili. Na sikiliza ulivyotungwa. Ilikuwa Julai 1945 huko California, joto kali. Mtunzi Mel Tormé alikwenda kwa mtunzi mwenzake Robert Wells akakuta kwenye daftari mistari minne inayozungumzia baridi. Wells alikuwa akijaribu kujipoza kwa kuiwaza. Tormé amesimulia kwamba baada ya dakika kama 40 wimbo ulikuwa tayari. Mwezi huo huo, katika joto hilo hilo, Sammy Cahn na Jule Styne wakatunga *Let It Snow* wakiwa Hollywood. Kwa hiyo wimbo wako wa kwanza na wa pili vyote viwili vilitoka kwa watu waliokuwa wakitiririka jasho. Nimeupenda ujirani huo.

Wa tatu ni *White Christmas* wa Bing Crosby, na hapa nitakaa kidogo.

Nimekuambia nyimbo haziozi, lakini sahani zake huchakaa. Crosby aliurekodi huu Mei 1942. Watu waliununua kwa wingi mno, hasa miaka ile ya vita ambapo askari walikuwa mbali na kwao, hata ile sahani mama iliyotumika kutolea nakala ikalika. Mwezi Machi 1947 ikabidi arudi studio, okestra ile ile, waitikiaji wale wale, wakajitahidi kuurudia ulivyokuwa. Huo wa 1947 ndio tunaousikia leo karibu kila mahali. Utaujua kwa filimbi na selesta, kile kinanda kidogo kinacholia kama kengele, zinazong'aa pale mwanzoni. Mimi nimekutafutia wa 1942. Una ukungu kidogo. Unasikika kama unatoka chumba kingine.

Sikuuchagua kwa ukungu huo tu. Mtunzi wake, Irving Berlin, alifiwa na mtoto wake wa kiume, kichanga cha wiki chache, siku ya Krismasi ya mwaka 1928. Siku yenyewe, Neema. Sisemi wimbo unamhusu mtoto yule, sina haki ya kulisema hilo. Ila tangu nilipojua, kila nikiusikia namwona baba mmoja ambaye kila Desemba 25 dunia nzima inashangilia na yeye ana lake moyoni, na wimbo aliotupa hauna hata mstari mmoja wa furaha ya kulazimisha. Mtu anatamani tu Krismasi aliyoijua zamani. Basi. Kitabu cha rekodi cha Guinness kinaukadiria kuwa umeuza nakala milioni 50, na ndio singo iliyouzwa kuliko zote. Wengi hivyo walikuwa wanatamani kitu kile kile.

Wa nne ni Judy Garland, *Have Yourself a Merry Little Christmas*, wa 1944. Katika filamu anamwimbia mdogo wake usiku, familia ikiwa karibu kuhama nyumba waliyoizoea. Maneno ya mwanzo kabisa ya mtunzi Hugh Martin yalikuwa ya huzuni kiasi kwamba Garland alikataa kuyaimba kwa mtoto, ikabidi yalainishwe. Hata baada ya kulainishwa yakabaki na mstari unaosema kwamba kwa sasa tutajikokota hivyo hivyo. Mwaka 1957 Frank Sinatra akaomba mstari huo uchangamshwe, ukawa wa kutundika nyota juu ya mti, na wengi leo wanaimba wa nyota. Miaka yote nilikuwa nakuwekea wa Sinatra. Mwaka huu nimekuwekea wa Garland, kwa sababu ya mstari ule wa kujikokota. Nadhani unanielewa.

Baada ya hapo mwendo unabadilika, usiogope. Elvis anapita na *Blue Christmas*, kisha Donny Hathaway wa 1970, *This Christmas*, wimbo ambao hata nikiwa na hasira ya namna gani bega langu la kushoto linaanza kucheza lenyewe pale tarumbeta zinapoingia. Yupo José Feliciano. Yupo pia Harry Belafonte na *Mary's Boy Child* wa 1956, ametulia kama anasoma Biblia kwa sauti, na mbele kidogo utawakuta Boney M. na wimbo huo huo wa 1978, ngoma chini, sauti za kike juu. Sikuwahi kuweza kuchagua kati yao. Na wewe pia hukuweza. Tuligombana mwaka ule mzima kwa barua, unakumbuka?

Brenda Lee nimempa nafasi ya 11, katikati kabisa. Alirekodi *Rockin' Around the Christmas Tree* mwaka 1958 akiwa na miaka 13. Isikilize sauti ile, utaapa ni mwanamke mzima aliyekwisha kuonja maisha. Wimbo haukushika namba moja kwenye chati ya Billboard ya Marekani hadi Desemba 2023. Hesabu mwenyewe: miaka 65, na mwimbaji mwenyewe wakati huo alikuwa na miaka 78. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama peke yangu jikoni nikapiga makofi. Mariah Carey naye, huyu tunayemwona kama malkia wa msimu, wimbo wake wa 1994 ulifika namba moja kule mwaka 2019, miaka 25 baadaye. Nyimbo hizi zinasubiri. Zinakaa sandukuni miezi 11, zinatoka, zinarudi, na watoto waliokuwa hawajazaliwa wanazikuta na kuzifanya zao.

*Last Christmas* ya Wham! sikuiweka, na najua utauliza. Naipenda. Ilitoka Desemba 1984 ikakwama nafasi ya pili Uingereza nyuma ya wimbo wa hisani wa Band Aid, ikaja kushika namba moja Januari 2021. Lakini George Michael mwenyewe alifariki siku ya Krismasi, 2016, na mimi siwezi tena kuusikia bila kulikumbuka hilo. Mwaka huu nimeona misiba iliyomo humu inatosha. Mwakani itarudi.

Sasa vibao vipya. Unajua kanuni yangu: kila mwaka angalau vinne ambavyo mimi na wewe hatuna kumbukumbu yoyote navyo. Wengine hujaza orodha zilipendwa tupu, na siwalaumu, lakini orodha ya namna hiyo ni kama nyumba ambayo kila kiti kina mtu tayari. Nataka uwe na pa kukaa. Kwa hiyo utamkuta Norah Jones kutoka albamu yake ya Krismasi ya 2021, na Samara Joy wa 2023 akiimba *O Holy Night* pamoja na watu wa familia yake mwenyewe. Huyo msikilize ukiwa umekaa chini. Sauti zao zinaingiana kama watu walioimba pamoja kabla hawajajua kusoma, hakuna anayemtangulia mwenzake, na pale juu kabisa, mahali ambapo waimbaji wengi huvunja vyombo, wao wanapanda taratibu. Viwili vilivyobaki sikutajii. Vigundue mwenyewe.

Nimekuandikia pia orodha yote kwenye karatasi, imo ndani ya bahasha hii. Mwaka jana nyimbo mbili zilififia zikawa kijivu kwenye ile programu, hazichezi, hazina maelezo, haki zake zimeisha au sijui nini, na nilihangaika wiki nzima kukumbuka moja wapo ilikuwa ipi. Sirudii kosa hilo. Kila wimbo nimeandika jina, mwimbaji na mwaka wa kurekodiwa, ili ukikuta toleo lingine ujue silo nililokusudia.

Tumemaliza, ila kuna jambo moja. Utaona Jim Reeves hayumo. Si kwamba nimemsahau.

Jumamosi nilikuwa napekua lile sanduku la kaseti nikitafuta yenye Belafonte. Nikakuta ile ya dakika 60 yenye mwandiko wako ubavuni, "KRISMASI YETU", herufi S zote umezigeuza nyuma mbele. Utepe ulikuwa umelegea nikaukaza kwa penseli. Upande wa pili, baada ya mtangazaji, unaanza *An Old Christmas Card*, ule wa albamu yake ya 1963 aliyokuwa akiipenda mama. Unakumbuka tulivyorekodi? Kinasa sauti tulikisimamisha mbele ya redio na tukaambiana tusipumue. Basi, ubeti wa pili ukiwa katikati, mlango unalia, na mama anasema waziwazi kabisa, "Nani ameacha mlango huu wazi?" Wewe unacheka, mimi nakunyamazisha. Kisha mama anasimama pale pale, nadhani alikuwa hajakiona kinasa sauti, anaanza kuufuatisha wimbo kwa kuguna, chini chini, mpaka mwisho. Mtangazaji anaporudi mama bado anaguna.

Nimeuhamishia kwenye simu na nimehifadhi nakala mahali pawili. Haumo kwenye orodha na sitakutumia kwa kukushtukiza. Siku ukiwa tayari, iwe kesho, iwe Krismasi ijayo, iwe saa hiyo yako ya tisa usiku, niandikie neno "mlango" tu. Huna haja ya kuongeza kitu. Nitautuma dakika hiyo hiyo.

Ndugu yako,
Rehema