Barua kutoka Edmonton: ile karakana ya Mzee hapo Kibuye, Kisumu, tuipange

Kwa Mama, Mzee na wewe ndugu yangu mdogo,

Hamjambo huko nyumbani? Huku tuko salama, theluji imeisha na sasa naeza fungua mlango wa gereji bila kuganda, ndio maana nimekuwa kimya, wikendi zote nimekuwa nikisafisha karakana yangu ya nyuma ya nyumba. Mama najua hii barua ni ya vyuma kutoka juu hadi chini, mambo yako ya shamba nitakuandikia kando, lakini hii pia isomwe kwa sauti wote msikie.

Ndugu yangu uliniambia oda za mageti zimekuwa mingi na unataka nikutumie grainda ya huku, ile mashine ya kusaga na kukata chuma, alafu na pesa ya kuongeza kijana wa mkono. Grainda ya huku haitakufaa, stima ya ukutani Kanada ni volti 120 na ya kwetu ni 240, ukiichomeka vile ilivyo inaungua hapo hapo, bora hiyo pesa ya kuisafirisha inunue ingine Kisumu. Na kijana ukimwongeza leo kazi yake itakuwa kutafuta spana siku nzima. Mi naona kwanza hapo mahali papangwe, tena pote, sio kufagia tu na kurudisha kila kitu pale kilikuwa.

Kitu imenisaidia huku ni kufuata njia ya chuma chenyewe. Tyubu, ile bomba ya mageti, inaingia na mita 6 zake, inapimwa, inakatwa, inatobolewa, inachomelewa, inapigwa grainda, inapakwa rangi, inatoka. Sasa hapo kwetu nilipokuja mara ya mwisho tyubu zilikuwa zimeegemezwa ukuta wa nyuma kabisa, kwa hivyo kila ukitaka moja unaipitisha juu ya vichwa vya watu wakiwa wamefunika macho wanachoma. Hiyo ni hatari na ni kupoteza siku. Toboeni ule ukuta mrefu karibu na mlango mfunge breketi za kubeba, tyubu zilale, nzito chini nyepesi juu, na kukata kufanyike hapo hapo chini yake. Rangi nayo iende ule upande mwingine kabisa, mbali na grainda, kwa sababu cheche za grainda zinaruka hata mita 10 na thina ya kuchanganya rangi inawaka, haingoji kuulizwa. Vitambaa vya thina na mafuta viwekwe kwa mkebe wa chuma wenye kifuniko, sio kurushwa kwa kona.

Mzee, sasa hapa nakuja kwako na naomba usikasirike. Vile vipande vya chini ya meza lazima vipungue. Najua kila kimoja unakijua kilitoka geti gani, na flatiba fupi, zile vyuma bapa, nakubaliana na wewe zibaki, hizo ni komeo na bawaba za kesho, na pleti nene pia zibaki. Lakini tyubu ya gauge 18, ile nyembamba ya ukuta mwepesi, fupi kuliko mkono, imekula kutu ndani, hiyo iende kwa mzani wa skrapu, hewa ya ziwa haitaiacha na mvua za masika ndio hizo zimeshika. Pesa itakayotoka hapo ndio ya breketi na shelfu.

Alafu ile jiliwa yako ya kubania chuma mezani. Ya kwangu huku nilinunua mitumba ikiwa ngumu, mtu anaisukuma na mwili wote, nikaifungua nikatoa skrubu yake ndefu na ndani nikakuta grisi ya miaka imechanganyika na unga wa chuma ikawa kama matope meusi, yaani kila ukizungusha ulikuwa unaisaga. Nikaiosha na mafuta ya taa na brashi ya nywele ngumu, nikapangusa hadi nyuzi za skrubu zikaonekana zinang'aa moja moja, nikaweka grisi mpya kidogo tu. Sasa mkono wake unazunguka kwa kidole. Ya Mzee ni nzuri kuliko yangu mara mbili, ni chuma cha zamani, inahitaji tu hiyo nusu siku ya kazi. Msiiuze.

Kusafisha unga wa chuma msipulize na hewa ya kompresa, unaruka unaingia machoni. Chukueni sumaku ya spika mbovu, ifungeni ndani ya karatasi ya nailoni, ipitisheni juu ya meza na sakafuni, unga wote unaganda kwa nje, mkigeuza karatasi ndani nje sumaku inatoka na unga unabaki kwa karatasi. Mimi nilifurahia hii kitu sana. Sakafu nayo nyunyizeni maji kidogo kabla ya kufagia, lakini stima ikiwa imezimwa, na ile mashine ya kienyeji ya kuchomelea inuliwe juu ya mbao kavu, nyaya zilizochubuka zibadilishwe na pale nyaya zinafungwa pafunikwe. Vijana wanavaa sandals, maji yanaingia, na hiyo ni stima, sio mchezo.

Mitungi ya gesi ifungwe na cheni ukutani ikiwa imesimama. Ule wa asetilini usilazwe hata siku moja, ndani gesi imeyeyushwa kwa asetoni na ukiulaza hiyo asetoni inatoka na gesi. Na mtungi wa oksijeni usiguswe na mkono wa grisi, oksijeni ya presha ikikutana na mafuta inaweza kuwaka bila kiberiti. Kama haitumiki, hiyo miwili kila mmoja ukae mbali na mwenzake.

Vijiti vya kuchomelea vya gauge 12 visikae chini kwa sakafu, vikishika unyevu vinarusha cheche na welding inatoka na mashimo. Ndoo safi yenye kifuniko kinachoshika inatosha.

Kitu ingine Mzee, kifua chako. Ukichomelea bomba au bati lenye zinki bila kuisaga kwanza, ule moshi mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku, inafanana na malaria kabisa. Nenda upimwe kila ikitokea, lakini pia mwambie daktari ulichoma nini mchana. Na maziwa hayaoshi mapafu, kunywa kwa sababu unayapenda. Zinki isagwe pande zote mbili za kiungo, na hiyo kazi ifanyiwe nje upepo ukiwa mgongoni.

Ijumaa natuma M-Pesa ya kizima moto, miwani na barakoa za wote, hiyo isiguswe na kitu kingine ndugu yangu, nitaomba picha. Mahali pa kufungia jiliwa Mzee aamue mwenyewe, isiwe tu kwenye njia ya tyubu. Nipigieni jioni yenu, huku itakuwa asubuhi, tofauti ni masaa 9. Nisalimieni majirani wote hapo Kibuye.

Ni mimi kijana wenu.