Gede kwa asubuhi tatu

Malindi, Jumapili

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na neno lililonikaa ni lile la kwamba Gede, mji ule wa kale ulio magofu, uliimaliza kwa dakika 40 na hukuona ila kuta zilizobomoka na kima wengi. Kwa kuwa bado una wiki mbili hapo Watamu, nakuomba uirudie. Ekari 45 zilizozungukwa na ukuta huwezi kuzimaliza kwa mkupuo mmoja. Nenda asubuhi tatu, na kila asubuhi jichagulie kitu kimoja tu cha kutazama.

Fika mlango unapofunguliwa. Jua la mapema huja limelala, likipita ubavuni mwa ukuta, na hapo kila mchoro na kila alama ya mwiko kwenye lipu hupata kivuli chake. Ikifika saa sita jua liko utosini na ukuta ule ule huwa bapa kama karatasi. Iko na sababu nyingine ya kuwahi, nayo ni sange, mnyama mdogo wa msituni, nitakueleza mwishoni.

Asubuhi ya kwanza iwe ya nyumba. Chagua moja tu kati ya zile zilizobanana karibu na jumba la mtawala. Utaona zina majina: Nyumba ya Mikasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli, Nyumba ya Kauri. Usidhani ni majina ya wenyewe. Ni majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake mwanaakiolojia James Kirkman alipofukua mji huu, kuanzia 1948 hadi 1958. Na hapo kwenye kauri, kuwa mwangalifu, maana lugha yetu huita kauri simbi za baharini na pia huita kauri vyombo vya Kichina. Gede ilikuwa na vyote viwili. Nyumba yenye jina hilo ni ya simbi.

Ukishaingia chumbani, pima upana kwa dhiraa, yaani kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ya mtu mzima ni sentimita 45 hadi 50. Utapata dhiraa tano, au sita kasoro. Toka, ingia chumba cha pili, pima tena. Cha tatu vilevile. Urefu hubadilika, upana haubadiliki sana, na siri yake ni boriti. Dari ilishikwa na boriti za mikoko, na mkoko ulionyooka, wenye unene wa kubeba mzigo, ukizidi hapo unapinda. Mzigo wenyewe ulikuwa mkubwa: juu ya boriti kulipangwa mawe, juu ya mawe chokaa na kokoto zilizoshindiliwa mpaka zikawa sakafu ya paa. Kwa hiyo mti uliomea kwenye tope la bahari ndio uliompimia tajiri wa Gede ukubwa wa ukumbi wake. Akitaka nafasi zaidi aliongeza chumba nyuma ya chumba, ndiyo maana kadiri unavyokwenda ndani ndivyo kunavyokuwa na giza. Ukuta ukiwa bado mrefu, tazama juu: utaona matundu yaliyopangwa mstari. Humo ndimo vichwa vya boriti vilimokaa.

Sasa teremka uani. Nasema teremka kwa sababu ua wa Gede mara nyingi uko chini kuliko sakafu za vyumba. Simama pale ujiulize maji ya mvua yalikwenda wapi, kisha utafute njia yake mwenyewe. Ni kazi tamu kuliko kuambiwa. Halafu nenda chooni. Usicheke, choo ndicho chumba kinachosema mengi kuhusu adabu ya watu wale: shimo la kujengea, na pembeni mahali pa kuwekea chombo cha maji ya kujitakasa. Nyumba nyingine zina stoo isiyo na mlango kabisa. Tundu lake liko juu ukutani, mtu alipanda ngazi ndipo akashuka ndani. Mali iliyohifadhiwa hivyo haibebwi haraka. Na ukiona ukutani vitundu vidogo vimejipanga, hivyo vilikuwa vya vigingi vya mbao vya kutundikia mazulia na nguo.

Kabla hujatoka, sogeza uso karibu na ukuta, kiasi cha shibiri moja. Utaona mawe ya aina mbili. Jiwe kavu lenye mashimo na vipande vya kombe ni la kuchimbwa nchi kavu, gumu, halichongeki vizuri, ndilo lililojaza ukuta. Kwenye kingo za milango na mataoni kuna jiwe laini lenye nukta ndogo ndogo zilizokaribiana kama sega la nyuki. Hilo ni tumbawe lililokatwa baharini. Likitoka majini hukatika kwa urahisi, likikauka hewani hukaza. Fundi alilichonga kabla halijamkazia.

Chokaa nayo iangalie. Magogo yalipangwa duara, matumbawe yaliyopondwa yakawekwa juu, moto ukawashwa, kisha kilichoungua kikanyweshwa maji na kuachwa kiive. Haraka ikiingia hapo, kasoro hujitokeza baadaye. Kishimo cha duara kwenye lipu, ukubwa wa ncha ya kidole, chenye punje nyeupe katikati, ni punje ambayo haikuwa imeiva. Ilinyonya unyevu ikiwa tayari ukutani, ikavimba, ikaibandua lipu. Na ndiyo maana napenda sana kuona kuta za zamani zikitengenezwa kwa chokaa, si kwa saruji. Chokaa huachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya miaka jiwe zima hugeuka unga huku plasta ya saruji ikiwa imesimama inang'aa.

Asubuhi ya pili nenda Msikiti Mkuu. Dira huhitaji. Gede na Makka ziko karibu na longitudo moja, ile ya 40, kwa hiyo kibla ni kaskazini karibu kabisa. Simama mbele ya mihrabu, mahali pa imamu kwenye ukuta wa kibla, na umeshajua pande zote za mji. Mihrabu ilipambwa kwa bakuli za kauri zilizozamishwa kwenye lipu, na nafasi zake za duara bado zinasomeka. Kulia kwake kuna mimbari ya mawe. Nguzo zimepangwa safu tatu, na safu ya kati inaelekea mihrabu moja kwa moja, hata walioswali nyuma yake hawakuiona. Ni upungufu uliotokana na boriti zile zile: nafasi ya katikati isingefunikika bila nguzo. Upande wa mashariki tafuta mlango wenye mkuki uliochongwa juu ya tao. Kisima kiko hapo hapo nje, na matangi ya kutawadhia.

Kutoka hapo si mbali hadi kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Herufi zimekwaruzwa kwenye lipu na zimefifia. Usizipitishie kidole, jasho na mafuta ya mkono hulainisha kingo, na usizipake chaki. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa maandishi sentimita 10 hivi kutoka ukutani, na mwenzako asimame akukingie jua kwa kanga. Herufi zitainuka. Hiyo 1399 ndiyo msumari wa kutundikia historia yote iliyobaki: mji ulinawiri karne za 14 na 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Wareno walikaa Malindi, karibu kilomita 16 tu kutoka hapo, wala hawakuuandika. Sababu za kuhamwa hutajwa kadhaa, maji ya visima kushuka, vita, na ujio wa Waoromo, na jina Gedi, yaani Gede, lenyewe husemwa ni la Kioromo. Tangu 2024 mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Chukua daftari na penseli laini, 2B yatosha. Chora kidaka kimoja tu, ile nafasi iliyoingia ndani ya ukuta. Picha ya simu utaipiga na kuisahau, lakini ukichora utalazimika kuona kwamba tao lile lina ncha, na kwamba ukingo wake una hatua mbili, si moja.

Asubuhi ya tatu iachie miti. Fuata njia inayozunguka ukuta wa nje, ambako watalii hawafiki sana. Mbuyu utaujua mwenyewe. Tazama zaidi miti ya mtini iliyokaa juu ya kuta. Ndege hudondosha mbegu kwenye ufa, mzizi hushuka ukifuata chokaa, unene wake hupanua ufa. Ukisema ung'olewe, ukuta nao unakuja, kwani kufikia hapo mzizi ndio unaoushika. Wahifadhi huukata polepole na kujaza nyuma yake.

Sasa sange. Yule wa huku ana matako ya manjano kama dhahabu, pua ndefu isiyotulia, na karibu ukubwa wa sungura mdogo. Duniani anapatikana pwani ya Kenya tu, hasa msitu wa Arabuko-Sokoke, na hapa Gede wapo. Usimtafute kwa macho. Simama kimya dakika kumi na usikilize majani makavu: kima hukanyaga ovyo, ndege huchakura kwa vipindi, sange hupekua kidogo, hunyamaza, hupekua tena. Akishtuka hupiga mkia chini akaruka.

Vaa viatu vya kufunika na suruali ndefu, siafu hawana simile baada ya mvua. Maji lita moja. Ndizi ziache nyumbani; kima wakiuona mfuko mmoja wa plastiki hawakuachi tena, nao wakizoea chakula cha watu hugeuka wakali kwa watoto. Usikanyage juu ya kuta, mawe ya juu yamelala tu. Kutoka Watamu shuka kituo cha Gede, uliza magofu, ni mwendo mfupi wa miguu. Ukibaki na saa moja, pitia mradi wa Kipepeo uone pupa wanavyotunzwa na wakulima wa kando ya msitu.

Nitumie ule mchoro wa kidaka, na vipimo vya vyumba vitatu kwa dhiraa zako.

Wasalimie wote.

Wako,
Sahibu yako wa Malindi