Tuwe na mpango wa kuzuia ajali kabla karafuu hazijaiva

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waajiri, wenye mashamba, masheha na wakubwa wetu serikalini kuhusu watu wanaoumia na kuugua kwa sababu ya kazi hapa Unguja na Pemba. Tumezoea kushughulika baada ya mtu kuumia, na nadhani hilo ndilo linalotuponza.

Msimu wa karafuu ukifika, tunajua litakalotokea. Mtu atapanda, utanzu utakatika, ataanguka. Wenzake watamnyanyua kwa mikono na miguu, watamtia kwenye gari ya mwanzo itakayopita, na jioni mchango utapitishwa kijijini. Mwenye shamba atatoa alichojaaliwa. Baada ya siku chache watu wamerudi juu ya mikarafuu ile ile, kwa kamba zile zile, na hakuna aliyeuliza utanzu ule ulikatika kwa nini. Tunasema ajali haina kinga, mazungumzo yanakwisha.

Mimi ni Muislamu na kadari naiamini. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alimwambia yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Na mkarafuu hauna siri kwetu. Mti uliokomaa hufika mita 10 na kuzidi, na tanzu zake hukatika ghafla, hazipindi kwanza zikakupa nafasi ya kushika kwengine. Mvua ikinyesha gome linateleza. Mchumaji analipwa kwa pishi, kwa hiyo anayekwenda taratibu anarudi nyumbani na pesa kidogo. Mwenye shamba naye anataka karafuu zishuke kabla hazijafunua maua. Yote haya tunayajua tangu kabla ya mchumaji wa mwanzo hajafunga kamba kiunoni.

Ninachokiomba ni kila mahali pa kazi pawe na mpango wa maandishi wa kuzuia ajali na maradhi ya kazi. Shambani karatasi moja inatosha. Iandikwe jina la mtu mmoja mwenye dhamana ya usalama, mwenye idhini ya kusema "leo hapandi mtu" baada ya mvua na asibishiwe, hata na mwenye shamba. Mtu huyo na wachumaji wenyewe waizunguke miti kabla ya kuanza, waitie alama ile yenye tanzu zilizooza, na wakubaliane ni ipi itachumwa kwa ngazi na ngowe bila ya mtu kupanda. Kamba zikaguliwe asubuhi, iliyochakaa ikatwe vipande palepale isije ikarudi kazini kesho. Ijulikane mapema gari ya nani itatumika mtu akiumia. Na kila mchumaji afundishwe kwamba aliyeanguka kutoka juu hanyanyuliwi kwa mikono na miguu: shingo na mgongo vishikiliwe visitikisike, alazwe juu ya ubao ulionyooka, ndiyo abebwe. Kama uti wa mgongo umevunjika, unyanyuaji wa pupa unaweza kumfanya mtu awe kiwete maisha yake yote.

Kwenye ujenzi, nako, mambo ni yale yale. Nchi nzima iliona tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoanguka kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Yale yalijulikana kwa sababu ya ukubwa wa jumba. Kijana anayeanguka kwenye jukwaa la mirunda katika nyumba ya ghorofa moja anajulikana kwa jamaa zake tu. Vijana wanakoroga zege kwa miguu wakiwa na ndara, na saruji mbichi inaunguza ngozi taratibu, mtu hatambui mpaka usiku.

Najua wakandarasi watajibu kwamba wamenunua kofia ngumu. Vizuri, zivaliwe. Lakini kofia ni kinga ya mwisho, inakuja baada ya mambo mengine yote. Kwanza uulize kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa: kazi ifanyike chini badala ya juu, jukwaa lifungwe mbao za pembeni, shimo lifunikwe, mchanganyiko ukorogwe kwa mashine au kwa chepe. Mpango unaoanza na kuishia kwenye kofia haujamkinga anayeanguka kutoka ghorofa ya tatu.

Kuna jambo naliona zito kuliko vifaa vyote, nalo ni woga. Kibarua anayelipwa kwa siku akisema jukwaa linayumba, anachelea kesho asiitwe. Basi ananyamaza, na msimamizi anaamini kila kitu ni salama kwa kuwa hakuna aliyelalamika. Mpango lazima utamke wazi kwamba mwenye kutoa taarifa hafukuzwi wala hapunguziwi siku, kisha watu waone kweli hafukuzwi. Tofali likianguka likamkosa mtu, liandikwe siku ile ile kama kwamba limempata, kwa sababu lijalo huenda lisikose. Na anayechunguza aulize kwa nini tofali lilikuwa pale juu bila ya kizuizi, kabla hajatafuta nani wa kulaumiwa.

Nimetaja ajali zaidi, lakini maradhi ndiyo yanayoua watu wengi. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani ni kwamba karibu watu milioni 2.9 hufariki kila mwaka kwa sababu za kazi, na kati yao milioni 2.6 huuliwa na maradhi, si ajali. Hapa kwetu nawafikiria kinamama wa mwani wa Paje na Jambiani: saa nyingi ndani ya maji ya chumvi, jua juu na mng'aro wake machoni kutoka chini, mgongo umeinama kufunga taitai, yaani vijikamba vya kufungia mwani, halafu gunia la mwani mbichi la kubeba mpaka pwani. Macho, ngozi na migongo yao inaharibika polepole na hakuna pahala panapoandikwa. Wengi hawana mwajiri, kwa hiyo mpango wao uwe wa kikundi, na makampuni yanayonunua mwani yachangie viatu, miwani na vyombo vya kubebea.

Sheria si tatizo. Zanzibar tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005, yetu wenyewe, maana kazi si jambo la Muungano. Juni 2022 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliingiza mazingira salama na yenye afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi. Wanaodhani mpango wa maandishi ni mzigo kwa wadogo watazame jimbo la California, Marekani, ambako kila mwajiri analazimika kuwa nao tangu 1991. Huko mwenye wafanyakazi chini ya 10 anaruhusiwa kuwaeleza kwa mdomo namna salama ya kufanya kazi. Hilo linawezekana kabisa hapa Pemba, Konde na Mtambile.

Nashauri tuanzie Pemba na tuanzie kwenye karafuu, kwa sababu karafuu zinauzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali. Mwenye shamba anapofika kituoni msimu ukifunguliwa, apewe karatasi ya mpango, aijaze jina la mwenye dhamana na aeleweshwe kwa Kiswahili cha kawaida. Sheha awe na daftari la walioanguka katika shehia yake na sababu ya kila mmoja, lipelekwe wilayani msimu ukimalizika, ili msimu unaofuata tujue tuanze na miti gani na mashamba gani. Kwa wajenzi, wanaotoa vibali vya ujenzi wadai mpango huo pamoja na ramani. Hakuna ofisi mpya inayohitajika kwa haya. Inahitajika karatasi, daftari, na maofisa wa kazi wafike mashambani kabla ya kamba kufungwa.

Wako,
Msomaji,
Wete, Pemba